UZI: Kabla hujawasha ruta, jua inataka kukimbilia wapi (kwa tunaofanya useremala wa wikendi)

Randa ya Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na kovu la nyuzi sita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Huu mwaka wa tatu, na ncha ya kidole hicho upande mmoja bado haisikii moto wala baridi. Sikuumizwa na msumeno wala grenda, mashine ambazo kila mtu anaziogopa. Niliumizwa na ruta ndogo, mashine ya umeme ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao, ile ya kushika kwa mkono mmoja, ambayo wengi wetu ndiyo tunaanza nayo kwa sababu bei yake inavumilika na inatoa urembo wa kingo ambao kwa randa na msasa utahangaika siku nzima.

Mimi sifanyi useremala wa kuuza. Wiki nzima niko ofisini, Jumamosi natoka uani na mbao zangu. Naona humu watu wa aina yangu tunaongezeka, na wengi tunajifunza kwa video fupi ambazo mtu anaonyesha kazi ikiwa imekwisha kung'aa. Sehemu ya kushika, kufunga na kuelekeza mashine inarukwa. Hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa naviringisha kingo za kibao cha jikoni cha mninga, upana wake kama sentimita 15. Kibao nimekikandamiza kwa mkono wa kushoto, mashine iko kulia, klampu mbili zimelala sandukuni kwa sababu niliona ni kazi ya dakika moja. Pande tatu zilikwenda vizuri. Upande wa nne waya wa ekstensheni haukufika. Badala ya kuhamisha waya, nikaanzia mwisho wa ukingo nikawa narudi nyuma. Sikujua kuwa hapo nimegeuza kila kitu. Ule mngurumo wa kula mbao ukageuka mlio mwembamba, mashine ikachomoka mbele, kibao kikaruka kikagonga geti la bati. Nilipoangalia mkono niliona nyeupe kwanza. Damu ilikuja baadaye.

Kwa muda mrefu nilisema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, mashine ilifanya kile ambacho lazima ifanye.

Biti ya ruta ya mkononi, yaani kile chuma chenye meno kinachokata, ukiitazama kutoka juu, inazunguka kama mshale wa saa. Meno yakigusa ukingo, yanaisukuma mbao upande mmoja, na mbao inaisukuma mashine upande wa pili. Ukienda kwa kupingana na msukumo huo, utahisi mashine inakukatalia kidogo. Huko kukataliwa ndiko usalama wako, maana ukiacha kusukuma nayo inaacha kwenda. Ukienda kule inakotaka yenyewe, meno yanaikanyaga mbao kama tairi inavyokanyaga lami, na mashine inajivuta. Hapo dereva si wewe tena.

Namna ya kukumbuka: nyoosha mkono wa kulia, kiganja kitazame chini, dole gumba ulitanue. Dole gumba likielekea kwenye mbao, kidole cha shahada kinakuonyesha pa kwenda. Yaani unaposonga mbele, mbao unayoikata iwe kushoto kwako. Ndiyo maana ukizunguka nje ya kibao unakwenda kinyume cha saa, na ukizunguka ndani ya tundu, tuseme tundu la sinki, unakwenda kama saa. Watu wanazikariri kama kanuni mbili halafu zinawachanganya, kumbe ni moja tu. Mimi siku hizi nachora mishale ya penseli kwenye pande zote nne kabla plagi haijaingia ukutani.

Ukichimba mfereji katikati ya mbao kwa kufuata ubao ulionyooka, kumbuka kuwa ruta unayoisukuma kwenda mbele itataka kukimbilia kushoto. Funga ubao wa mwongozo upande wa kushoto, mashine itajilaza hapo yenyewe. Ukiufunga kulia, utashindana nayo mpaka mwisho na mfereji utapinda.

Halafu kasi. Ruta ndogo nyingi zinazunguka mara 30,000 kwa dakika. Kwa biti ya milimita 6, jino linapita kwa mita 9 hivi kwa sekunde. Chukua sasa biti ya upana wa milimita 50 kwenye ruta kubwa yenye mizunguko 22,000: ncha ya jino inakwenda karibu mita 58 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ndiyo kazi ya kile kigurudumu cha kupunguza kasi kwenye ruta kubwa. Biti isiyozidi milimita 25 haina shida na kasi ya juu. Ikifika 50, shusha hadi 18,000 au 16,000. Zile pana za kuchonga paneli za milango, milimita 80 na kuendelea, ni 10,000 hadi 12,000, na mahali pake ni kwenye meza ya ruta, ile ambayo mashine inafungwa chini yake biti ikitokeza juu. Usiishike mkononi hata mara moja.

Na usikate kina chote kwa mkupuo mmoja. Mfereji wa milimita 9 nautoa kwa mapito matatu ya milimita 3. Mashine inapumua, biti haiungui, na mkono hauna haja ya kulazimisha.

Karibuni wenye uzoefu mwongeze.

Seremala wa Keko

Mkuu pole sana, na ahsante kwa kusema ukweli. Hii kazi ndiyo inanilisha, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu hawagusi ruta kabla hawajaniambia mbao itasukumwa wapi. Nawauliza kila siku, hata aliyekaa mwaka.

Mimi nitaongelea koleti, kile kikombe cha chuma chenye mipasuko kinachobana shina la biti. Ajali nyingi nilizoona zimeanzia hapo. Kwanza kabisa chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa, na plagi iwe mahali unapoiona. Shina liingie angalau robo tatu ya urefu wake. Likigota chini, lirudishe juu milimita 2 au 3 ndipo ukaze, kwa sababu koleti ikikaza inalivuta shina chini kidogo, na kama limeshagota hubani kitu ingawa mkono unahisi umekaza. Usibane pale shina linapoanza kutanuka kuelekea kwenye meno, maana hapo si duara kamili. Na koleti tupu isikazwe kamwe, inajifinya inaharibika.

Koleti ni kitu cha kuchakaa, kama breki. Ukiona biti mashina yake yana alama nyeusi za kuungua au mikwaruzo ya duara, koleti imechoka au ina utomvu ndani. Isafishe kwa brashi. Isipopona, nunua nyingine.

Kitu kingine: mvule una mawe. Sisemi mafumbo, ni chokaa iliyoganda ndani ya mti, na kwa nje huioni. Mara nyingine mbao inayoizunguka inakuwa nyeusi kuliko kwingine, hiyo ndiyo dalili pekee. Biti ikigonga jiwe hilo jino linapasuka, na kipande cha jino kinaruka kwa kasi hiyohiyo aliyoihesabu mwanzisha uzi. Mbao za makreti na za majumba yaliyobomolewa zina misumari iliyovunjikia ndani. Mimi napitisha sumaku juu yake kwanza. Miwani ya kinga ivaliwe hata kwa pito la sekunde tano.

Wa Nakuru

Nawasalimu kutoka upande huu. Naongeza moja ambalo halijaguswa: stima.

Hizi ruta ndogo, swichi yake ukiibonyeza inabaki ilipo. Siku moja nilikuwa katikati ya kazi stima ikapotea. Nikaweka mashine kwenye benchi nikaingia ndani kunywa chai. Baada ya nusu saa stima ikarudi, nikasikia kelele nje. Mashine ilikuwa imejiwasha, inatembea juu ya benchi, biti imechimba ubao, na mtoto wangu wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni anaiangalia. Hakuumia. Lakini mimi usiku huo sikulala.

Tangu siku hiyo, stima ikipotea mkono wangu unafanya mambo mawili kabla sijafanya lingine lolote: nazima swichi ya mashine, nachomoa kwenye soketi. Kwenye meza yangu ya ruta nimeweka swichi ya sumaku, ile ambayo stima ikikatika inajizima, na ikirudi haiwaki mpaka ubonyeze tena. Kwa meza ya kujitengenezea ni jambo la lazima, kwa sababu mashine iko chini ya plaiwudi na swichi yake huifikii haraka.

Mama Fremu

Kaka, pole na kidole.

Mimi natengeneza fremu za picha na vioo hapa nyumbani Tanga, kwa mapenzi tu na kwa zawadi za harusi. Kwa wanawake wenzangu mtakaosoma: mtandio hauchomekwi shingoni, unavuliwa au unafungwa nyuma ya kichwa pasiwe na ncha inayoning'inia. Kanga ya kiunoni pia, ile pindo. Nywele ndefu ndani ya kofia. Pete na bangili mezani. Na glavu tafadhali msivae, najua zinaonekana kama kinga. Biti ikikwaruza ngozi inakwaruza ngozi, lakini ikishika uzi wa glavu inauvuta mkono wote.

Fremu zimenifundisha kitu kuhusu vipande vidogo. Mwanzoni nilikuwa nachana kamba ya mbao ya upana wa sentimita 3 halafu napiga urembo juu yake, inaruka, inatetemeka, vidole viko karibu na meno. Sasa napiga urembo kwenye ukingo wa ubao mpana uliofungwa klampu mbili, ndipo nachana kamba. Kisha napiga tena, nachana tena. Kama kipande lazima kiwe kidogo tangu mwanzo, nakibandika kwa gundi na karatasi katikati juu ya ubao mkubwa, nikimaliza nakibandua kwa patasi nyembamba. Karatasi inapasuka katikati, mbao haiharibiki.

Nawauliza wataalamu: kichwa cha mbao, pale nyuzi zake zinapoishia, kinanipasukia kila nikifika mwisho. Nakosea wapi?

Randa ya Jioni

Dada, asante, hilo la karatasi nilikuwa silijui, na kesho nalijaribu.

Anza na vichwa, malizia na pande za urefu. Kichwa kikimeguka kwenye kona, pito la upande wa urefu litaondoa palipomeguka. Kama unapiga kichwa peke yake, funga kipande cha mbao chakavu kikibanana na kona ya mwisho, kipasuke hicho badala ya kazi yako.

Mgeni Kidogo

Wakuu habari zenu, mimi ni mgeni kabisa. Nimenunua ruta ndogo mwezi uliopita Kariakoo, na seti ya biti nikaichukua kwa muuzaji mwingine. Nina tatizo: nikichimba mfereji naweka kina milimita 5, nikifika mwisho nakuta 7 au 8. Biti inashuka yenyewe. Nimekaza mpaka spana imeacha alama kwenye nati na bado. Nikaze kwa kitu gani zaidi?

Seremala wa Keko

Kijana, simama hapo. Usiiwashe tena mpaka tumalizane.

Biti inachomoka kwenye koleti. Leo imekuongezea kina, kesho itatoka yote. Niambie namba iliyoandikwa kwenye koleti na iliyoandikwa kwenye shina la biti.

Mgeni Kidogo

Kwenye koleti pameandikwa 1/4. Kwenye biti hapajaandikwa kitu, boksi lina maandishi ya Kichina. Muuzaji alisema zote ni robo inchi.

Randa ya Jioni

Mkuu, robo inchi ni milimita 6.35. Sokoni kuna biti nyingi za milimita 6 kamili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hiyo 0.35 inaonekana ndogo, lakini koleti haikuundwa kujifinya kiasi hicho. Inagusa shina kwa mistari michache tu badala ya kulikumbatia lote, na hata ukaze kwa nguvu za watu wawili haitashika.

Huna vernia, kile kipimo cha unene? Toboa tundu kwa biti ya drili ya milimita 6 kwenye kipande cha chuma au mbao ngumu sana. Chukua shina la biti ya ruta ulichomeke. Likiingia, ni 6. Likigoma mlangoni, ni robo inchi. Hali ni hiyohiyo kwa ruta kubwa, kuna 12 na kuna nusu inchi ambayo ni 12.7.

Na usizungushie karatasi wala bati la soda kwenye shina ili ujaze nafasi. Nimeona mtu akishauri hivyo mahali fulani na roho iliniuma.

Seremala wa Keko

Naongeza, kwa kuwa nimeona pia: biti ya drili haifungwi kwenye ruta. Ile imeundwa kwa mizunguko elfu mbili tatu na kwenda chini tu. Kwa 30,000 inapinda, inavunjika. Na biti ya ruta haifungwi kwenye drili, maana taya za drili hazikuundwa kusukumwa ubavuni, na kasi ni ndogo mno, itang'ata mbao na kukuzungusha mkono.

Wa Nakuru

Kwa wenye meza, maana aliyezoea ruta ya mkono anakosea hapa: mashine ikiwa kichwa chini, biti sasa inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Mbao inaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Nimeandika mshale mkubwa kwa rangi nyekundu juu ya meza yangu.

Na mbao isipite kati ya biti na kizuio, ule ubao wa mezani ambao mbao inauegemea ikipita. Kizuio kiifunike biti, litokeze jino tu la kiasi unachokata. Ukiipitisha katikati pale, mbao itanyakuliwa na kurushwa, na vidole ulivyokuwa unasukumia vitabaki mahali mbao ilipokuwa. Sukuma kwa kibao cha kusukumia, si kwa ncha za vidole.

Dawa na Bendeji

Nafanya kazi ya uuguzi, sijui useremala, mume wangu ndiye mwenye karakana. Nimesoma uzi wote. Naomba niseme la upande wangu.

Mtu akikatika, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi moja kwa moja, mkono uinuliwe juu ya moyo, usifungue kila dakika kuchungulia. Kama kipande cha kidole kimetoka kabisa, kitafuteni. Kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, wala kisitumbukizwe kwenye maji, kinaharibika. Msipake kahawa, msipake majivu, wala dawa ya meno. Nendeni hospitali naye na mfuko.

Na msifanye kazi hii peke yenu nyumbani bila mtu wa kusikia mkiita.

Mama Fremu

Dada muuguzi, Mungu akulipe. Nimeandika hayo kwenye karatasi, naibandika ukutani juu ya benchi.

Mnasemaje kuhusu vumbi? Nikifanya mpingo macho yanawasha na mikono inatoka vipele.

Randa ya Jioni

Mpingo una tabia hiyo, mvule pia kwa watu wengi. Vipele vikishaanza, mara nyingi mwili unazidi kukataa kila unapoigusa, kwa hiyo usivumilie ukidhani utazoea. Vumbi la mbao kwa jumla si jambo jepesi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililiweka mwaka 1995 katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la ruta, ni laini mno. Tumia barakoa ya N95 au FFP2, ibane puani. MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi, ndiyo mbaya kwa ulaini wa vumbi, mimi sikati MDF ndani ya chumba hata iweje. Uani, upepo ukiwa mgongoni.

Masikio nayo. Kelele ikipita desibeli 85 kwa saa nane tayari inadhuru, na ruta inazipita hizo kwa mbali. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa bei ya soda.

Mgeni Kidogo

Wakuu nimerudi. Nimetoboa tundu la milimita 6 kwenye kipande cha mkongo kama nilivyoelekezwa. Kati ya biti 12 za seti, zote zimeingia. Zote ni 6.

Nimezitazama mashina kwenye mwanga, zina mistari myeusi ya duara kama alivyosema fundi. Na ile niliyokuwa naitumia jana, alama ya kubanwa iko kwenye milimita 8 tu za mwisho. Ilikuwa imebaki kidogo hivyo ndani. Jana binti yangu alikuwa amekaa mbele ya benchi ananishikia tochi.

Nimezifunga kwenye boksi lake. Kesho natafuta koleti ya 6 ya mashine hii.

Seremala wa Keko

Koleti ya 6 inapatikana, nenda na mashine yenyewe mkononi ujaribishie hapohapo dukani, usikubali kuambiwa "inaingia". Na biti zako si mbovu, zitafanya kazi vizuri tu.

Tochi itundike ukutani.